Bomba likirudi baada ya mgao: namna ya kuyalinda maji mpaka kwenye kikombe

Bomba likikauka siku mbili, halafu alfajiri ukalisikia linakoroma, usikimbilie kukinga maji ya kunywa. Ndoo ya kwanza iwe ya kudekia, ya pili ya chooni, na kama nguo chafu zipo, ya tatu iziendee hizo. Nikipewa nafasi ya kumwambia mama mwenzangu jambo moja tu kuhusu maji, namwambia hilo.

Nina miaka 11 nikisimamia kilula cha maji, yaani bomba la mtaa watu wanapokuja kununua kwa ndoo, katika mji mdogo wa wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora, hatua chache kutoka reli ya kati. Watoto wananiita bibi wa maji. Maji yetu yanatoka kisima kirefu, pampu inayapandisha kwenye tenki la mnarani, kisha yanateremka kwa mabomba hadi kwenye vilula na kwenye nyumba zilizovuta. Ndugu zetu wa Tabora mjini, Nzega na Igunga wanakunywa maji ya Ziwa Victoria yanayosafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafiri zaidi ya kilomita 200 kuwafikia. Chanzo chao na chetu ni mbalimbali, lakini karibu kila mara nilipoona maji yameharibika, hayakuharibikia kwenye chanzo. Yaliharibikia njiani, au ndani ya nyumba ya mnywaji.

Kwa nini maji ya kwanza yanatisha? Bomba likiwa limejaa, maji yanasukuma kuelekea nje. Lenye ufa litavuja, lakini uchafu hauna pa kuingilia. Likiwa tupu, msukumo huo haupo. Nimeinama mara nyingi mtaroni nikatazama kiungo kilichofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Pampu ikiwa inafanya kazi, pale panapuliza maji membamba kama mvuke, na vifaranga wanakuja kunywa. Pampu ikizimwa, mvuke unakatika. Baada ya muda unaona kidimbwi kilichozunguka kiungo kinapungua taratibu, kama kuna mtu upande wa pili anakinyonya kwa mrija. Kidimbwi hicho hicho ndimo bata walimokuwa wakioga asubuhi. Maji yakifunguliwa tena, kilichonyonywa kinatangulia mbele na kufika kwako kabla ya kitu kingine.

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, bomba kubwa lilikatwa na watu waliokuwa wanachimba mtaro. Lilifungwa usiku kwa mwanga wa tochi za simu, na asubuhi maji yakafunguliwa bila kuachwa yamwagike kwanza. Yalitoka ya kahawia. Kufika saa mbili yalikuwa meupe pee, na foleni imeshafika barabarani. Nikauza, ndoo shilingi 50 kama siku zote. Ndani ya siku nne nyumba tatu za jirani zilikuwa na watoto wanaoharisha, na mmoja alilazwa akatundikiwa dripu. Alipona. Sina karatasi ya maabara ya kuthibitisha kwamba ni maji yale, maana siku ile sikuwa na kipimo chochote zaidi ya macho yangu. Ila najua nilichouza, na tangu hapo sijafungua kilula kwa kuutazama weupe wa maji peke yake.

Glasi juu ya meza

Maji yakirudi, fungua kabisa ile koki iliyo karibu zaidi na mita, si ya jikoni. Yaache yatoke kwa nguvu ndooni, usiyatupe, kazi za nje ya mdomo ni nyingi. Kisha chukua glasi ya kioo, si kikombe cha bati, ujaze, uiweke juu ya meza penye mwanga na usiiguse.

Yakiwa meupe kama maziwa, tazama yanapoanza kung'aa. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu na ndani ya dakika moja au mbili yakawa safi, hiyo ni hewa tu iliyokuwa imebanwa kwenye bomba, haina madhara. Yakiwa ya kahawia na baada ya muda ukaona vumbi limetua chini, hilo ni tope au kutu: endelea kuyaacha yatoke, na ukiona nusu saa imepita na glasi bado ina vumbi, piga simu, usisubiri jirani apige. Ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi. Maji yanatoka safi, ukiyaacha saa moja yanageuka rangi ya chai hafifu. Hayo yana madini ya chuma, jambo la kawaida kwa visima virefu. Chuma kikikutana na hewa ndipo kinaonekana. Utakitambua pia jikoni: chai ya rangi inatoka nyeusi kama wino, shuka nyeupe zinapata mabaka ya njano. Chuma cha namna hiyo si ugonjwa, lakini kinakula dawa ya maji na kinaacha utelezi kwenye tenki. Kinapungua ukiyamimina maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara kadhaa yapate hewa, ukayaacha yatulie usiku kucha, asubuhi ukachota ya juu.

Glasi ikiwa safi, umemaliza nusu ya kazi. Vijidudu vya kuharisha havionekani kwa macho.

Harufu ya dawa

Kuna mzee mteja wangu, kila nikitia dawa vizuri huja kulalamika. "Mama, leo mmetumwagia dawa." Namjibu, "Ndiyo baba, leo ndiyo siku ya kunywa bila wasiwasi." Klorini inaua vijidudu na inabaki ndani ya maji kuyalinda yakiwa safarini, ndiyo maana tunataka ifike mpaka bombani ikiwa bado ipo. Kiwango kinachotakiwa bombani ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ukikosa kabisa, maji yako hayana mlinzi, hata kama yanang'aa.

Kipimo chake si kigumu. Kuna kiboksi kidogo cha plastiki chenye vyumba viwili na vidonge vyake. Unajaza maji, unadondosha kidonge, maji yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha na rangi zilizochorwa pembeni. Waridi ikikolea, klorini ni nyingi. Maji yakibaki meupe, hakuna kitu. Usikiponde kidonge kwa vidole, jasho la mkono linaharibu jibu. Msimamizi wa maji wa mji wako anapaswa kuwa nacho. Una haki kabisa ya kwenda na kumwambia, "Naomba unipimie mbele yangu." Mimi nikiombwa hivyo nafurahi.

Asiyependa harufu, akinge maji jioni kwenye chombo safi chenye mfuniko, anywe asubuhi. Harufu itakuwa imepungua sana. Asikae nayo siku tatu, kwa sababu harufu inapoisha na ulinzi umekwisha.

Mpira wa kumwagilia, na msimu wa tumbaku

Hapa naomba unisikilize kwa makini, hasa wewe mkulima. Ule mfyonzo niliouona mtaroni unaweza kutokea hata nyumbani kwako. Ukiacha ncha ya mpira ndani ya pipa la nguo zenye sabuni, au ndani ya bomba la kupulizia dawa shambani, halafu maji yakakatika ghafla, kilichomo kinaweza kurudi bombani. Hakitaishia kwako. Kitaingia kwenye bomba la mtaa na kutoka kwa jirani.

Kwetu hapa, kuanzia vitalu vya tumbaku mpaka mvua zinapochanganya, mabomba ya kupulizia dawa yanajazwa kila siku. Jaza kwa ndoo, siyo kwa mpira. Ukilazimika kutumia mpira, ncha yake iwe juu ya mdomo wa chombo angalau upana wa kiganja, isizame kamwe. Na mwambie fundi akufungie valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, pale baada ya mita. Ni kifaa kidogo, kinakaa ganjani.

Jambo jingine la tumbaku ni madumu. Dumu lililokuja na dawa ya shambani halifai kubeba maji ya kunywa hata ukilisuuza mara mia, maana plastiki inakunywa sumu na kuitoa kidogo kidogo. Nikiliona kwenye foleni silijazi. Nimegombana na watu wazima kwa hilo na nitaendelea kugombana nao. Litoboe lisitumike tena.

Tenki la nyumbani

Mwenye simtanki anajiona ameondokana na mgao, na kweli ameondokana nao, lakini amejipa kazi. Maji yakikaa, klorini inaisha. Mfuniko ukiwa wazi, mwanga unaotesha ukijani, na mijusi inaingia. Nimewahi kuitwa na dada mmoja aliyesema maji yake yananuka. Tulipofungua tulikuta popo ameoza, na familia ilikuwa imetumia maji yale sijui siku ngapi.

Funga mfuniko kwa kamba. Bomba la kumwaga maji yaliyozidi livalishe wavu mwembamba, ule wa dirishani unatosha. Safisha tenki kila baada ya miezi sita. Mimi napendelea mwezi wa kumi, kabla ya mvua, na mwezi wa nne. Mwaga maji yote, sugua kuta na tope la chini kwa brashi yenye mpini mrefu ukiwa nje. Usiingie ndani, wala usimwingize mtoto, hasa ukishatia dawa, kwa sababu hewa yake inakaba. Suuza. Kisha jaza maji safi ukitia jiki isiyo na manukato: kwa tenki la lita 1,000, kama chupa imeandikwa asilimia 5 tia lita moja, kama imeandikwa 3.5 tia karibu lita moja na nusu. Fungua koki za ndani moja moja mpaka unuse dawa, uzifunge, uache usiku kucha, kwa muda wa saa 12 hivi. Kila mtu nyumbani ajue kwamba maji hayo hayanywewi, na zibandike alama koki zote. Asubuhi yamwage chooni au uwanjani, siyo kwenye mboga, ujaze upya na kuyaacha yatiririke mpaka harufu kali iishe. Jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi inayochoma mapafu.

Dumu lililopasuliwa

Kwenye kikao kimoja cha akina mama wa kliniki nilichukua dumu langu mwenyewe la njano, la miaka mitatu, nililokuwa nalisifu kwa usafi. Nikalipasua katikati kwa msumeno mbele yao. Nje lilikuwa linang'aa. Ndani, chini ya mkono wa kushikia, pale brashi isipofika, palikuwa na utando wa kijani unaoteleza kama mlenda, na ukiukwangua kwa kucha unatoka vipande. Mama mmoja aliinuka akaenda kumwaga maji aliyokuja nayo.

Sasa naosha hivi kila juma: konzi mbili za kokoto ndogo zilizooshwa, sabuni, maji kidogo, unafunga na kulitikisa kwa nguvu huku ukiligeuza kila upande, halafu unasuuza mpaka povu liishe. Dumu la kuchotea lisiwe la kuhifadhia. Maji ya kunywa yahamie kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, ili asiwepo wa kutumbukiza kikombe wala mkono. Mwenye mtungi asiuache, maji yake ni baridi na matamu, ila awe na kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani, si ile inayolala juu ya mfuniko inzi wakaitembelea.

Kuchemsha, vidonge, jua

Kuchemsha bado ni njia ya uhakika. Yakitokota kwa mapovu makubwa kwa dakika moja, yametosha kwa huku kwetu kusiko na milima mirefu. Kuyaacha nusu saa ni kuchoma mkaa bure. Yapoe kwenye sufuria ileile yakiwa yamefunikwa. Nimeona watu wakichemsha vizuri kisha wakayamimina kwenye dumu chafu, wakashangaa mtoto anaharisha.

Vidonge vya dawa ya maji vinauzwa maduka ya dawa. Soma karatasi yake, kwa sababu kuna vya lita 20 na vya chini ya hapo. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji ya tope yatulize kwanza na kuyachuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, la sivyo dawa itaishia kwenye tope. Huko Bangladesh, wanawake waliochuja maji kwa sari zao zilizokunjwa hivyo walipunguza kipindupindu karibu nusu, na khanga kuukuu ni pamba ileile.

Asiye na mkaa wala pesa ya kidonge ana jua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, maji yaliyo meupe kabisa, ilaze juani juu ya bati kwa muda wa saa sita. Siku ya mawingu, iache siku mbili. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi njia hii haina shida kwetu. Masika usiitegemee.

Kuna vitu moto hauviwezi, na hapo naona watu wengi wanajidanganya. Floraidi, inayojulikana sana kwa majirani zetu wa Singida na Shinyanga kwa kuyafanya meno kuwa ya kahawia, haiondoki kwa kuchemsha. Wala naitreti ya mbolea na vyoo, inayoingia hasa kwenye visima vifupi. Ukichemsha, maji yanapungua na vyenyewe vinabaki, kwa hiyo vinazidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa naitreti ni 50, na naitreti ni hatari zaidi kwa kichanga anayetengenezewa maziwa ya kopo. Kichanga wa chini ya miezi sita anyonye tu, hana haja ya maji.

Mtoto akianza kuharisha, anza na chumvichumvi ya pakiti, lita moja ya maji salama kwa pakiti moja, na umpeleke zahanati apate na zinki. Macho yakizama, akishindwa kunywa au akiwa mlegevu, usisubiri kupambazuke.

Kulalamika kukasikika

Malalamiko ya "maji mabaya" hayamfikishi fundi popote. Nina daftari: tarehe, saa, kilula gani, glasi ilionekanaje, klorini ilisoma ngapi, mvua ilinyesha au la, pampu ilizimwa tangu lini. Nikienda kwa chombo chetu cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO, au kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, naenda na ukurasa. Fundi akiona kwamba vilula viwili vya chini ya reli vinasoma sifuri na cha juu kinasoma 0.3, anajua achimbe wapi. RUWASA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 na maji ya vijijini na miji midogo ndiyo kazi yake, kwa hiyo huombi hisani ukienda pale.

Kama inahitajika sampuli ya maabara kutafuta vijidudu vya kinyesi, ambavyo kwenye maji ya kunywa havitakiwi hata kimoja katika mililita 100, chupa itatoka kwao na itakuwa imesafishwa kwa joto. Usiisuuze. Ule unga kidogo au tone lililomo ndani ni la kuizima klorini, ukilimwaga umeharibu kipimo. Koki ya chuma ipitishe moto wa kiberiti cha gesi, ya plastiki ifute kwa spiriti. Acha maji yatoke dakika mbili au tatu, kisha kinga bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, na usijaze mpaka juu. Iweke kwenye kiboksi chenye barafu, gizani. Ni vizuri ifike ndani ya saa 6, na isizidi 24. Gari la kwanza kutoka kwetu kwenda wilayani linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo mimi huchota saa kumi na moja na nusu, barafu nikiwa nimeiagiza tangu jana yake kwa muuza soda wa stendi.